Jozani: usiishie kwa kima punju

Wageni wengi wa Jozani hupiga picha na kima punju, kisha huyoo, Paje kuogelea. Nimeizunguka Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja, na kwa maoni yangu wanaofanya hivyo wanaacha nusu ya walichokifuata.

Punju wanastahili sifa zao, maana porini hawapatikani popote duniani ila Zanzibar. Mmoja alikaa tawi la chini akichambua majani machanga, nikaona wazi kwamba mkono wake hauna gumba, ni kijinundu tu. Tumbo lao lina vyumba vya kuchachusha majani, kwa hiyo matunda mabivu yenye sukari hayawafai. Wanaoishi jirani na mashamba hula majani ya miembe na ya miti ya mikungu, kisha hutafuta mkaa wakaula, maana mkaa hufyonza sumu ya majani hayo. Mwongozaji aliwazuia wageni waliotaka kuwagusa, kwani maradhi ya binadamu huwapata hata wao. Nilimshukuru kwa hilo.

Ndani ya msitu maji ya ardhini yako karibu sana, na masika pakubwa hufurika. Miti ya mitondoo imesimama juu ya unyevu huo pamoja na michikichi. Ukisogea pembeni kidogo udongo unakwisha, unakanyaga mawe ya matumbawe na vichaka vikavu. Huko ndiko anakojificha paa nunga, mnyama adimu na mwoga. Sikubahatika kumwona.

Lakini kilichonishika ni mikoko ya kijiji cha Pete. Nendeni maji yakiwa yamekupwa. Ukisimama kimya kwenye njia ya mbao, kaa hutoka mashimoni mmoja mmoja, madume yakipunga gando lao moja kubwa, na matondo, konokono wa mikokoni, hujikusanya kwenye jani lililoanguka na kulitafuna. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikianguka hujichoma topeni kama mkuki. Nilishindwa kuondoka.

Sehemu ya kiingilio huwafikia wanavijiji, wakiwemo wakulima ambao mazao yao huliwa na punju. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kulipa.

Daladala za Jambiani na Makunduchi hupita langoni. Ukikodi gari, patana mapema na dereva kwamba mtafika mikokoni, na mwambie aende polepole karibu na msitu. Matuta yamewekwa pale kwa sababu punju walikuwa wakigongwa. Wetu aliyaruka kwa kasi hadi tulipompigia kelele.