Farinelli (1994): itazame kwa masikio, historia ihakiki kwingine

Nimeitazama filamu hii ya Gérard Corbiau mara tatu, mara ya mwisho kwa hedifoni, na hukumu yangu haijabadilika: nyota nne kwa sauti, mbili kwa historia. Wanazungumza Kifaransa na Kiitaliano, kwa hiyo hakikisha nakala unayonunua ina tafsiri ya maandishi chini ya picha, la sivyo utaambulia mavazi tu. Matukio ya chumbani nayo si haba. Usiiwashe sebuleni watoto wakiwa macho.

Mhusika mkuu ni Carlo Broschi, mzaliwa wa Andria, kusini mwa Italia, mwaka 1705, aliyevuma Ulaya nzima kwa jina la Farinelli. Alihasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Wengi wetu neno towashi tumelikuta kwenye Biblia, kwa yule Mwethiopia wa hazina ya Kandake. Hawa wa Italia walitengenezwa kwa ajili ya kuimba. Bila homoni za kiume zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hubaki dogo, ila mifupa huchelewa kufunga, hivyo mikono, miguu na mbavu huendelea kurefuka. (Mabaki ya Farinelli mwenyewe yalifukuliwa Bologna mwaka 2006 na kuchunguzwa.) Matokeo yake ni nyuzi za sauti za mtoto zinazosukumwa na pumzi ya mtu mzima, na hapo ndipo watengenezaji walipotoka jasho, maana leo hakuna tena waimbaji wanaohasiwa ili waimbe.

Walichofanya ni kuunganisha watu wawili. Derek Lee Ragin, Mmarekani anayeimba alto ya kiume, alichukua sehemu za chini. Ewa Małas-Godlewska, soprano kutoka Poland, akachukua za juu. Ala zinapigwa na Les Talens Lyriques chini ya Christophe Rousset. Kisha mafundi wa IRCAM, taasisi ya utafiti wa sauti ya Paris, wakakata na kushona vipande vya waimbaji hao hadi vikawa mstari mmoja. Kushona peke yake kusingetosha, kwa sababu sikio lingesikia mwanamume akipokewa na mwanamke. Wakaichukua rangi ya sauti ya Ragin kuwa kipimo, na kwa kompyuta wakaisogeza ile ya soprano ifanane nayo, irabu kwa irabu.

Imefanikiwa? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Anza na "Alto Giove" ya Porpora, mtunzi aliyemfundisha Farinelli kuimba. Nota ya kwanza inaanza kama uzi, inavimba, kisha inanywea tena bila kukatika. Huo ndio ufundi ambao wanafunzi wa uimbaji wa Napoli waliufanyia mazoezi kila siku, na hapa unausikia ukiwa peupe. "Son qual nave", aliyoiandika Riccardo Broschi, kaka yake, ni kazi nyingine kabisa: mbio, miruko mirefu, mapambo juu ya mapambo. Katika miruko hiyo ndipo mshono unapojitokeza. Sauti ikitoka chini kwenda juu ghafla, mwanga wake hubadilika kidogo, kama taa umeme ukicheza. Kwenye spika za kompyuta mpakato hutaling'amua. Kwa hedifoni nzuri utalisikia. Na wanakwaya wasiitumie filamu hii kujipima pumzi, maana mstari uliokatwa na kushonwa hauna haja ya pafu.

Kasoro ambayo kompyuta haikuweza kuitibu ni uzito. Ragin anaimba kwa sauti ya kichwani, kwa hiyo nota za chini zinakuwa nyepesi, ilhali waliohasiwa walikuwa pia na sauti ya kifuani. Watu walioandika habari za Farinelli walisifu nguvu yake pamoja na utamu. Hapa utamu umejaa. Nguvu unaiona zaidi kwenye manyoya ya kofia.

Sasa historia. Pambano la Farinelli na mpiga tarumbeta unaloliona kwenye filamu linatoka katika maandishi ya Charles Burney, mwanahistoria wa muziki Mwingereza aliyemtembelea mwimbaji huyo uzeeni, Bologna, mwaka 1770, ingawa kwa Burney lilitokea Roma, ndani ya opera. Ugomvi na Handel, mtunzi wa opera wa London, ndio umepikwa mno. Farinelli alifika London mwaka 1734 kuimbia kampuni iliyoshindana na Handel, ile ya wakuu, ambayo mtunzi wake alikuwa Porpora, mwalimu wake wa Napoli. Hakuwahi kuwa mwimbaji wa Handel. Cha ajabu, Desemba mwaka huohuo kampuni hiyo iliipandisha jukwaani "Ottone", opera ya Handel mwenyewe, naye Farinelli akiwemo. Kisa hicho cha kweli kingetosha bila filamu kubuni wizi wa muziki wa Handel. Wimbo unaowaliza watazamaji, "Lascia ch'io pianga", ulikuwa umeimbwa na mwanamke katika "Rinaldo" ya Handel ya 1711. Na ukimaliza filamu ukidhani Handel aliacha opera kwa uchungu, kumbuka aliendelea hadi "Deidamia" ya 1741.

Riccardo naye amepewa nafasi kubwa kuliko stahili yake. Kwa kweli sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni ya Porpora. Ule mtindo wa ndugu kuchangia wanawake ni ubunifu mtupu. Uhispania, alikoishi kuanzia 1737 hadi 1759, imebanwa kwa mfalme Felipe wa Tano na huzuni yake. Baada ya kifo cha mfalme huyo mwaka 1746, Farinelli aliendesha opera ya kifalme na akaingizwa katika Calatrava, shirika la heshima la mashujaa wa Uhispania. Hiyo sehemu ya maisha yake ingenivutia kuliko vitanda vyote vile.

Ukimaliza, tafuta rekodi za Alessandro Moreschi, za 1902 na 1904, zilizofanyika Roma kwa kuimba ndani ya pembe ya mashine. Ndiye mwimbaji pekee aliyehasiwa ambaye alirekodiwa akiimba peke yake. Anza na "Ave Maria" ya Bach na Gounod, ongeza sauti, vumilia mkwaruzo, na usishangae akiparamia nota kutoka chini badala ya kuigonga moja kwa moja.