Programu ya kuchora ramani "kama kwa mkono": subiri ifike kwenye karatasi

Nyota mbili. Nilitaka kuweka moja. Sababu ya hiyo ya pili nitaisema huko chini, hasira ikishuka.

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, nakaa Tegeta, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi wanajenga Goba, Madale, Bunju na kule Kigamboni. Programu yenyewe siitaji jina, wenye kazi yao watanielewa. Wala sielezi inavyochora kuta na kuhesabu madirisha, maana hayo zote zinafanya. Nilihamia kwake kwa ajili ya kitu kimoja: kitufe kinachofanya ramani ionekane imechorwa kwa mkono. Mistari inatikisika kidogo, na kwenye kona inapishana na kupitiliza, vile tulivyokuwa tunachora enzi za tiskwea (ile rula ya umbo la T) na kalamu za wino za Rotring, wembe pembeni wa kukwangua wino ukikosea.

Msidhani ni urembo. Mteja ukimpa ramani yenye mistari iliyonyooka tangu siku ya kwanza, anaogopa kuigusa. Anaona kama imeshapigwa mhuri. Atakwambia "sawa mtaalamu", ataondoka, halafu nyumba ikifika kwenye lenta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, ndipo anakumbuka kwamba jiko la mkaa halina pa kukaa. Mpe mchoro unaofanana na wa mkono uone: anakunyang'anya kalamu. Anakata, anasogeza choo, anauliza mbona mlango wa jikoni unatazamana na sebule. Kibali cha manispaa ni habari nyingine, kule inakwenda ramani safi. Mimi nasema hatua ya mwanzo, ile ya kubishana, ambapo mabadiliko bado ni ya bure.

Sasa sikilizeni. Kuna mama mmoja wa Madale, kiwanja chake mita 20 kwa 30. Kwenye laptopu aliupenda ule mchoro mpaka akaniambia, "Mwanangu, huu niprintie mkubwa, Jumapili ndugu zangu wote wanakuja, nataka tuutandike mezani." Mkubwa maana yake 1:50, yaani sentimita moja ya karatasi ni nusu mita ya nyumba, kwenye A1, karatasi kubwa mara nane ya A4. Nikatoa PDF, nikaweka kwenye flashi, nikaenda kuprinti Posta.

Karatasi ikatoka kwenye plota, ile mashine ya kuchapa karatasi kubwa. Jamani. Ule mtikisiko mzuri wa kwenye skrini ulikuwa umesinyaa ukawa vinyweleo. Mistari ya kuta myembamba, imefifia, na ukuta ambao kwa kipimo hicho unatakiwa uwe na unene wa milimita 3 ukawa nyuzi mbili zenye ukungu. Maandishi ya majina ya vyumba yako vilevile, meusi, makubwa, yanaelea juu ya nyumba isiyoonekana. Nikaanza kumlaumu kijana wa plota. Akaniangalia kwa upole akasema, "Kaka, wino wetu mzima. Faili lako ndilo lina homa."

Alisema kweli. Nilipokaa kuchunguza nikaona kwamba mtikisiko na unene wa mstari vinahesabiwa kwa vidoti vya skrini, havihesabiwi kwa milimita za karatasi. Ukitanua karatasi, vidoti vinaongezeka, mstari unabaki na vidoti vyake vilevile, basi unakonda. Hicho ndicho kitu kilichotangazwa kwa ajili ya watu wanaochora nyumba! Nyumba zinachapwa! Nani anatandika laptopu mezani kwa ajili ya ukoo mzima?

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na picha nikaambatanisha. Jibu likaja kwamba kipengele kinafanya kazi kama kilivyokusudiwa, na swali langu limefungwa. Limefungwa. Hata pole hakuna. Hela yao ya mwaka wanaikata kwa dola bila kusinzia, ila kujibu mtu sentensi mbili za kibinadamu ni kazi. Hapo ndipo nilipoichukia kabisa, kuliko hata lile karatasi.

Mwisho wa siku nilichapa ramani ya kawaida iliyonyooka, nikanunua tresing pepa, ile karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, nikaitandika juu, nikachora upya kwa kalamu ya wino usiku kucha. Yaani nimelipia programu ya kuiga mkono wangu, halafu kazi ikafanywa na mkono wangu.

Na nikishaanza kukasirika naona mengine. Vyumba viwili vya watoto vyenye vipimo sawa vinatikisika sawasawa, kipindo kwa kipindo. Mkono wa mtu haujawahi kufanya hivyo. Wenzangu wanaotumia Revit, programu nyingine ya kuchora majengo, wana kitu cha aina hii, kinaitwa Sketchy Lines, kina vitelezi viwili, kimoja cha mtikisiko na kingine cha mistari kupitiliza. Sijawahi kukaa nacho, kwa hiyo sikisifii wala sikipondi.

Haya, nyota ya pili. Ukibaki kwenye A3 kwa 1:100, kiwanja kama cha yule mama kinaenea vizuri, na ukitoa mchoro kama picha ya ukubwa wa skrini kisha ukaandika majina ya vyumba baadaye, unatoka mzuri kweli. Mzuri kiasi kwamba wiki hii nimeutumia tena kwa mteja wa Kigamboni, akahamisha ngazi na stoo palepale bila kuniogopa. Programu ya mistari iliyonyooka isingenipa hilo.

Kwa hiyo labda tatu. Hapana, nikikumbuka "limefungwa" narudi mbili. Ukiinunua, kabla hujamwahidi mteja karatasi kubwa, chapa kona moja ya nyumba kwa kipimo chake halisi uiangalie. Na wa A1 abaki na kalamu yake.