Stoo ya kukodi Nyakato: chumba kidogo na nyumba nzima imeingia

Wadau wa Mwanza mnaouliza kila siku mkihama vitu mnaviweka wapi, mimi nasema nendeni Nyakato, kuna yadi ya stoo za kukodi ukishaiacha barabara ya Musoma, vyumba vya tofali na bati vimepangwa mstari, na mimi nimechukua kile kidogo kabisa cha futi kumi kwa kumi, vitu vya vyumba viwili na sebule na jiko vyote vimeingia na njia ya kupita imebaki. Hiyo ya kidogo naisisitiza kwa sababu nimewaona watu pale, vitu bado viko kwenye Fuso mtu anaviangalia anaingiwa na hofu, anachukua chumba kikubwa cha bei mara mbili, alafu vibarua wanamwaga kila kitu sakafuni, ukiangalia juu ni hewa tupu mpaka kwenye kenchi. Unalipia hewa kila mwezi. Stoo inajazwa kwenda juu jamani, sio kwenda pembeni.

Sisi mzee kahamishiwa kikazi Sengerema na nyumba tuliyopata huko ni ndogo, Buhongwa tunajenga lakini bado hatujapaua, kwa hiyo vitu vingine vimetangulia na vingine vinasubiri, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hata ukitaka kitu kimoja unatuma kirikuu inaenda na kurudi siku hiyohiyo bila kupanga foleni ya kivuko. Ndo maana mimi stoo naipima kwa kitu kimoja: naweza kutoa friji leo bila kushusha dunia nzima?

Nilizunguka kabla ya kuamua. Kuna chumba niliangalia jirani na Mwaloni Kirumba, bei nzuri tu, lakini ukisimama pale dagaa wanakukaribisha kabla ya mwenye nyumba, na harufu ile ikishaingia kwenye sponji ya sofa na kwenye godoro haitoki hata ufanyeje. Kingine kilikuwa bondeni Mabatini, na Mto Mirongo ukikasirika kule wote tunajua, mvua za vuli za Oktoba mpaka Desemba hazijaisha vizuri masika ya Machi hiyo imefika. Nyakato pale sakafu ni saruji iliyoinuliwa juu ya uwanja, kuna kizingiti mlangoni, matundu ya hewa yana wavu, na ukiingia ndani ukifunga mlango mchana huoni mwanga unaopenya kwenye bati. Hicho kipimo cha kufunga mlango kifanyeni popote mnapoenda, tundu la msumari utaliona lenyewe.

Mlinzi wao ni mzee mmoja mtaratibu sana. Nimemwamkia shikamoo, akaniambia marahaba mama, alafu swali lake la kwanza likawa "paleti umekuja nazo?" Nikamwambia hapana, akanitolea za pale pale, zinakuja na chumba, hulipii. Kwangu hiyo ina thamani kuliko kamera walizofunga getini. Saruji inavuta unyevu kutoka chini hata kama imekauka kwa macho, boksi likikaa moja kwa moja kwenye sakafu kitako chake kinalainika taratibu na yaliyo juu yote yanashuka. Na ukutani usigusishe kitu, acha nafasi ya kiganja kuzunguka chumba chote, kwanza hewa ipite, pili mchwa wakianza kujenga njia yao ya udongo ukutani uione mapema, maana boksi likiegemea ukuta wanapanda nyuma yake kimyakimya mpaka siku unalinyanyua unabaki na unga mkononi.

Sasa mpangilio. Vibarua wa pale wana nguvu na hawavunji, nawasifia kweli, ila ukiwaachia wao watapanga kwa namna inavyotoka kwenye gari, kwa hiyo simama mwenyewe mlangoni uwaelekeze. Kabati na meza kubwa vinatangulia nyuma kabisa na pembeni. Kitanda kifungueni chote, chaga zifungwe pamoja kwa kamba zisimame pembeni ya kabati, nati na skrubu zake zikae kwenye kimfuko kilichofungwa na soltepu palepale kwenye ubao wa kichwani, sio kwenye boksi la "vitu vidogo" ambalo hakuna atakayelipata. Kabati lenyewe ni chumba ndani ya chumba, nguo na mapazia yameingia humo. Vitabu viwe kwenye boksi ndogo, boksi kubwa la vitabu halinyanyuliki na kitako kinaachia. Maboksi tafuteni yanayolingana, maduka ya dawa na supamaketi wanayo, yakilingana yanasimama kama tofali mpaka juu, mazito chini mepesi juu. Yale mabegi ya shangazi kaja ni mazuri kwa mashuka na mablanketi lakini usiyaweke chini ya kitu chochote.

Vyombo vya udongo na sahani za kioo zisimamishe wima kama zinavyokaa kwenye kikaushio, gazeti katikati, ukizilaza moja juu ya nyingine mtikisiko mmoja wa guta, za chini zimepasuka. Tivii nayo wima, isilale. Godoro la sponji lianike juani mpaka likauke kabisa kabla hujalivisha nailoni, ukilifunga na unyevu wake ukungu unaota humohumo, alafu lilazwe juu kabisa ya kila kitu, juu yake pasiwekwe hata mto. Friji nimelikausha, nikaweka kitambaa mlangoni lisifunge kabisa, na nimeliweka karibu na mlango wa stoo likiwa limesimama. Likisafirishwa limelala msiliwashe siku hiyo, lisimamisheni kwanza masaa ya kutosha mafuta ya kompresa yarudi chini.

Njia ya katikati usiiuze kwa kitu chochote, upana wa mtu mmoja kupita na boksi kifuani unatosha. Kila boksi nimeliandika kwa maka peni upande unaoangalia njia na juu pia, na orodha iko kwenye simu: kushoto nyuma, kushoto mbele, hivyohivyo, kwa hiyo mzee wangu akinipigia kutoka Sengerema anatafuta pasi, nampigia mdogo wangu aliyepo Igoma namwambia kulia boksi la tatu kutoka chini, anaikuta.

Chakula hawaruhusu na wako sahihi kabisa. Kakilo ka mchele ukakasahau kwenye sufuria panya anakuja kwa ajili ya mchele anabaki kwa ajili ya sofa. Mtungi wa gesi pia hawapokei, na jenereta lazima umwage petroli yote mbele ya mlinzi, anafungua tenki anachungulia mwenyewe, bati likipata jua la saa nane chumba kinakuwa cha moto sana na mivuke ile inajaa humo ndani. Nilipenda walivyo wakali hapo, kwa sababu jirani yako wa ukuta akiweka mtungi wake ni vitu vyako vinaungua.

Yasiyonifurahisha yapo. Bei ni 70,000 kwa mwezi kwa kile kidogo, sawa, lakini wanataka miezi mitatu mbele na ukitoka kabla hela hairudi, na hilo kwenye mkataba limeandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa pili, lingepaswa kusemwa kwa mdomo. Kufuli unanunua mwenyewe, nunua zito. Taa ipo nje tu, ndani ya chumba hamna, ukifika jioni unashika tochi ya simu mdomoni. Na Jumapili geti linafunguliwa mchana, wakati wengi wetu ndo siku pekee ya kwenda kutoa vitu, nimeshawaambia na wameniahidi watalitazama, kwa hiyo mkienda na nyinyi waambieni, wakisikia kwa wengi watafungua asubuhi.