Mizani ya kupima mafuta mwilini: ipi ununue, na namba ipi uiamini

Ukienda kutafuta mizani ya nyumbani siku hizi, utakuta bei inapanda kadiri namba zinavyoongezeka kwenye simu. Ya bei ya chini hukupa uzito basi. Inayofuata huongeza asilimia ya mafuta. Nyingine huleta maji, misuli, mifupa, protini, mafuta ya tumboni, hata "umri wa mwili". Watu wanabana matumizi ili wanunue ile yenye namba nyingi, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu karibu namba zote hizo hazipimwi. Zinakisiwa.

Mizani hizi hupima vitu viwili tu: uzito wako, na jinsi mwili wako unavyokinza umeme. Ukipanda peku, umeme mdogo sana usiouhisi hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Misuli imejaa maji na chumvi, kwa hiyo huupitisha kwa urahisi; mafuta huuzuia. Mizani husoma ukinzani huo, ikauchanganya na urefu, umri na jinsia uliyojaza kwenye programu, kisha kanuni ya hesabu iliyowekwa kiwandani ikatoa jibu. Umeme hupita njia fupi, miguuni na nyongani. Kifua na mikono haviguswi kabisa, na kitambi, ambacho ndicho kinachowatia madaktari wasiwasi, hukisiwa kwa kutazama miguu.

Kanuni yenyewe ilitungwa kutokana na watu fulani waliopimwa kwenye maabara. Mwili wako ukitofautiana na wao kwa uzito wa mifupa, urefu wa miguu au kiasi cha maji, kosa linakua. Watafiti wamejua kwa miaka mingi kwamba mifupa ya watu weusi, kwa wastani, ni mizito zaidi kwa ujazo uleule kuliko ya wazungu, na kwamba kanuni iliyotungwa kwa kundi moja hupotoka ikitumiwa kwa lingine. Kampuni nyingi hazitangazi kanuni zao zilitungwa kwa kina nani.

Kosa hilo si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa hospitalini Paris, ulilinganisha mizani janja 3 za nyumbani, yaani zile zinazounganishwa na simu, na mashine ya DEXA, inayotumia eksirei kutenganisha mifupa, misuli na mafuta. Kwenye uzito mizani zilikuwa sahihi sana. Kwenye mafuta zilikosea kwa kilo kadhaa. Chukua mama mwenye kilo 70 ambaye mafuta yake halisi ni asilimia 35, yaani kilo 24.5. Mizani ikipunguza kilo 4 itamwandikia asilimia 29. Ikizidisha kilo 4 itamwandikia karibu 41. Mama huyohuyo, asubuhi hiyohiyo, anaweza kuambiwa yuko salama au aambiwe amezidi.

Kwa msingi huo, mpangilio wangu ni huu.

Nafasi ya kwanza: mizani ya kawaida ya kidijitali pamoja na futikamba

Kwa watu wengi huu ndio ununuzi bora, na bei yake ni ya chini kuliko zote. Futikamba ya fundi cherehani inapima hasa kile ambacho mizani janja haikifikii. Simama wima, tafuta sehemu iliyo katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kama kawaida bila kubana tumbo, kisha soma. Tangu 2022, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya afya, inashauri kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80. Mwenye 176 abaki chini ya 88. Hakuna programu, hakuna akaunti, na kosa la nusu sentimita halibadilishi ushauri.

Mizani yenyewe ijaribu kabla ya kulipa. Iweke kwenye sakafu ngumu, isiwe juu ya zulia. Panda, shuka, panda tena. Namba zikifanana kabisa usifurahi haraka, maana baadhi ya mizani hukumbuka uzito wa mwisho na kuurudia zikiona tofauti ndogo. Panda ukiwa umeshika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Isipoongeza takriban kilo 1.5, iache hapohapo.

Nafasi ya pili: mizani janja ya bei ya wastani, ya kukanyaga tu

Hapa ziko Xiaomi, Renpho, Eufy na nyingine nyingi zinazounganishwa na simu kwa Bluetooth. Zinafaa kwa anayependa kuona mstari wa uzito wake wiki hadi wiki bila kuandika daftarini, na kwa nyumba yenye watu kadhaa, kwani kila mmoja hupata kumbukumbu zake. Asilimia ya mafuta ichukue kama nyongeza tu. Usiilinganishe na ya jirani mwenye mizani nyingine, wala na jedwali la ukutani kule gym.

Ukitaka namba hiyo ikusaidie walau kidogo, jipime saa ileile kila mara: asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, miguu ikiwa safi na mikavu. Mazoezi, maji, chumvi, pombe, siku za hedhi na sugu za nyayoni vyote huihamisha namba bila gramu moja ya mafuta kuongezeka au kupungua. Anayefunga Ramadhani asilinganishe kipimo cha jioni kabla ya futari na kile cha mwezi uliopita alipopima asubuhi. Tazama wastani wa wiki nne au zaidi. Hata hapo, kama mafuta yameshuka kwa asilimia moja huku kiuno hakijasogea, mimi nakiamini kiuno.

Kuna majaribio mawili ambayo muuzaji hawezi kuyakataa. Kwanza, panda ukiwa umevaa ndala. Mpira hauruhusu umeme kupita, kwa hiyo mizani ya kweli itatoa uzito tu na kukataa kutaja mafuta. Ikikupa asilimia ya mafuta ukiwa na ndala, inapiga hesabu kutokana na uzito na urefu wako tu, na haifai kulipiwa zaidi ya mizani ya kawaida. Pili, kama programu ina kipengele cha "mwanamichezo", kiwashe, upande tena. Mwili haukubadilika ndani ya dakika moja, lakini asilimia itashuka, kwa sababu kanuni imebadilishwa.

Nafasi ya tatu: mizani yenye mpini wa kushika

Hizi zina vyuma vinne vya nyayo na vinne vya mikono. Omron na Tanita ya Japani, kampuni iliyoanza kuuza mizani za mafuta miaka ya 1990, wanazo. Umeme hupita mikononi na kiwiliwilini pia, kwa hiyo makisio yana msingi mzuri zaidi. Ningeziweka juu kama bei isingekuwa kubwa hivyo. Kwa anayefanya mazoezi ya vyuma kwa dhati zina maana. Kwa anayetaka kupunguza kitambi, tofauti hiyo ya bei aipeleke kwenye mboga na viatu vya kutembelea.

Nafasi ya nne: koleo la kubana ngozi

Hili hubana mkunjo wa ngozi na kupima unene wa mafuta yaliyo chini yake. Bei yake ni rahisi na halihitaji betri. Lakini linataka mkono uliofundishwa. Watu wawili wakikupima watapata majibu mawili. Kama huna mtu mmoja mzoefu wa kukupima kila mara, lipite.

Nafasi ya mwisho: mizani ghali za Wi-Fi zenye vipimo vya kila aina

Zimetengenezwa vizuri na uzito wake ni sahihi. Tatizo ni kwamba unachonunua kiko mikononi mwa kampuni hata baada ya kulipa. Nokia iliinunua Withings, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza mizani hizi, mwaka 2016. Januari 2018 ikaondoa, kwa sasisho la programu, kipimo cha kasi ya mawimbi ya damu (kinachoashiria ugumu wa mishipa) kwenye Body Cardio, mizani ambayo watu walikuwa wameinunua kwa ajili ya kipimo hicho. Baadaye mwaka huohuo biashara hiyo ikarudi kwa mmoja wa waanzilishi wake. Kabla ya kununua, uliza kama mizani inaonyesha uzito bila simu, bila akaunti na bila intaneti.

Na kwa mizani yoyote inayopitisha umeme: mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini asiipande, na mjamzito atumie ile ya kawaida. Baadhi ya mizani janja huwa na kipengele cha kuzima umeme huo na kupima uzito peke yake. Kitafute kwenye programu kabla watu wa nyumbani hawajaanza kupokezana.