Risiva ya 1978 na mpya ya chaneli 7: masikio yangu yalinidanganya

Nilinunua risiva mpya (kikuza sauti chenye redio, kinachoendesha spika) ya chaneli 7, yaani ya kuendesha hadi spika saba, ili nimstaafishe mzee. Mzee ni risiva ya stereo ya mwaka 1978 niliyorithi kwa baba: ubavu wa mbao, swichi za chuma, na transfoma nzito ya kukutegua kiuno. Spika zilibaki zilezile, nikawa nahamisha waya tu.

Wiki ya kwanza mzee alishinda bila ubishi. Besi nene, sauti ya mwimbaji imejaa. Mpya ilisikika kavu, hata nikaanza kuitafuta risiti.

Kisha, nikifuta vumbi, nikaona kitufe cha kukuza besi na trebo (sauti nyembamba) sauti ikiwa chini. Kilikuwa kimebonyezwa, nadhani tangu enzi za baba! Nikakizima. Nikapima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, kwa simu pale ninapokaa, kumbe mzee nilikuwa namfungulia zaidi pia. Nikazisawazisha, nikazima madoido yote ya mpya, nikageukia ukuta huku mwanangu akihamisha waya kimyakimya. Mara kumi nilikisia ipi inapiga, nilipatia tano. Ningerusha sarafu tu.

Wati nazo zisikubabaishe. Kijitabu cha mzee kinaahidi wati 45 kila upande, pande zote mbili zikipiga, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, yaani karibu milio yote tunayosikia. Cha mpya kinatamba na 100, ila kwa maandishi ya sisimizi: chaneli mbili tu kati ya saba zikipiga, kwa mlio mmoja wa kilohezi 1. Na hata ukipata wati mara mbili za kweli, sauti inapanda desibeli 3 tu.

Mpya ilimshinda mzee kwa jambo nisilolitarajia. Ina maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Kona yangu moja huvimbisha besi mpaka inanguruma kama lori. Ilipomaliza kupiga milio yake ya ajabu na kurekebisha, ngurumo ikatulia na maneno ya filamu yakasikika. Mzee hana dawa ya hilo. Yeye hata kitasa cha sauti hukwaruza, na fundi alishambadilishia kapasita (vipuri vya kuhifadhi umeme) zilizochoka. Ila menyu za mpya zinaudhi: kugusa mpangilio wowote lazima uwashe runinga.

Sasa mpya iko sebuleni kwa filamu. Mzee yuko chumbani na santuri, maana ana tundu la santuri na mpya haina. Kile kitufe nimekibonyeza tena. Najua kinadanganya.