Miezi kumi na huduma ya kukusanya taka zilizotenganishwa hapa Mtwara: uzoefu wangu

Mwezi wa Oktoba mwaka jana nilijiunga na kikundi cha vijana wanaopita na guta nyumba kwa nyumba, hapa Mtwara mjini, kukusanya taka ambazo mwenye nyumba amekwisha kuzitenganisha. Kwa kuwa majirani zangu wa Chuno huniuliza kila mara kama ada ninayolipa ina faida yoyote, nimeona nieleze kwa kirefu. Jina la kikundi sitalitaja, kwa sababu ninayo manung'uniko juu yao na bado wanakuja mlangoni kwangu.

Ukijiandikisha unapewa viroba viwili vya sandarusi: kimoja cha taka kavu, yaani chupa za plastiki, makopo, karatasi na maboksi, na kingine cha taka ozo za jikoni. Hupita Jumanne na Ijumaa, na ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Nepi za watoto na nailoni zilizochafuka hawazipokei, hivyo hizo zinaendelea kusubiri gari la kawaida la taka.

Wiki za mwanzo kosa lilikuwa letu. Nyumba yetu ina watu saba, na kila mmoja alikuwa na tafsiri yake ya neno "kavu". Ijumaa ya kwanza kiroba kilirudishwa mlangoni kwa sababu ndani yake mlikuwa na boksi lililobebea samaki kutoka Feri, na maji yake yalikuwa yamelowesha magazeti yote. Kijana wa guta aliniambia kwa adabu, "Mama, hili boksi limeshakufa, na limeua na wenzake." Akanieleza kwamba karatasi hurejelezwa kwa kulowekwa na kupondwa hadi iwe uji, na mafuta ya samaki, kwa kuwa hayachanganyiki na maji, hung'ang'ania kwenye nyuzi za karatasi na kuiharibu. Tangu siku hiyo taka kavu hukaa barazani, mbali kabisa na jiko, na mabadiliko hayo madogo ndiyo yaliyotusaidia kuliko maelekezo mengine yote tuliyopewa.

Jambo la pili nililojifunza ni vifuniko. Nilidhani chupa ya maji na kifuniko chake ni plastiki moja, mpaka kijana yule alipokata vipande vya vyote viwili na kuvitia kwenye ndoo ya maji: kipande cha chupa kikazama, cha kifuniko kikaelea. Ni plastiki za aina mbili, na wanunuzi wao hulipa zaidi zikiwa zimetenganishwa. Zaidi ya hayo, chupa iliyofunguliwa hukandamizika, na hilo si dogo kwetu sisi ambao mzigo wetu husafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam, kwa maana lori lililojaa chupa zisizokandamizwa kwa sehemu kubwa limebeba hewa. Vilevile nimezoea kutazama namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo: 1 kwa chupa za maji, 2 kwa madumu ya mafuta ya kula, 5 kwa makopo mengi ya siagi. Namba hiyo hutaja aina ya plastiki tu, wala haimaanishi kwamba yupo mtu hapa Mtwara atakayeinunua. Mifuko mbadala tuliyoanza kuitumia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile inayofanana na kitambaa, kwa kawaida nayo ni plastiki ya namba 5, na kikundi hiki hakiichukui.

Kuhusu fedha, asijiunge mtu akitarajia utajiri. Chupa za nusu lita zinahitajika zaidi ya hamsini ili kufikisha kilo moja, na thamani ya taka kavu wanazonipimia kwa mizani hupunguzwa kwenye ada. Mwezi wangu mzuri kuliko yote ulikuwa ule tuliofanya arusi ya binamu yangu.

Sasa manung'uniko yenyewe. Tuliahidiwa kwamba taka ozo zingepelekwa kwenye kiwanja chao na kugeuzwa mboji. Mwezi wa Januari nilipita kwa bahati karibu na kizimba cha taka, nikakuta guta lao likimwaga viroba vya taka ozo humohumo pamoja na uchafu mwingine. Kiongozi wao hakukataa: mvua zilikuwa zimejaza maji kwenye mashimo yao, na kazi ya mboji ilikuwa imesimama kwa wiki kadhaa. Mvua ningewasamehe, lakini walituacha tuendelee kutenganisha na kulipa bila kutuambia neno. Taka hizo zikirundikwa bila kupata hewa huoza vibaya na kutoa gesi ya methani, na ndicho hasa tulichokuwa tukilipia kisitokee. Baada ya wateja kadhaa kulalamika, waliacha kuchukua taka ozo na kushusha ada hadi shilingi 4,000.

Mimi nimeanzisha lundo langu nyuma ya nyumba, na nakiri kwamba nalifurahia kuliko huduma yenyewe. Maganda ya mihogo, machicha ya nazi na maganda ya ndizi nayachanganya na majani makavu ya mkorosho, ndoo moja ya taka mbichi kwa mbili au tatu za majani, kisha nageuza kila wiki. Ukikamata konzi moja na kuiminya, inatakiwa iwe na unyevu lakini isichuruzike. Katikati lundo hupata joto hata mkono hauvumilii. Mabibo yalinisumbua msimu wa korosho, kwa kuwa huchacha upesi na kuleta nzi, mpaka nilipojifunza kuyafukia chini ya majani mengi. Maganda magumu ya korosho siyatii, maana mafuta yake huunguza ngozi na mimi hugeuza lundo kwa mikono. Makumbi huchukua muda mrefu mno kuoza, hivyo nayatandaza chini ya migomba.

Chupa za kioo zilizovunjika na betri za tochi bado hazina pa kwenda. Vijana hawazipokei, nami nazitunza kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko.

Nimelipia huduma hii hadi Desemba. Kwa mwenye uwanja wa kutengenezea mboji, shilingi 4,000 ni bei ya haki, kwa sababu guta halijakosa siku zaidi ya mbili katika miezi yote hii na mizani husomwa mbele yangu. Mpangaji wa chumba kimoja asiye na uwanja ningemshauri asubiri kwanza hadi kiwanja chao cha mboji kifunguliwe tena, na aombe kwenda kukiona kabla ya kutoa fedha yake.