Chungu gani cha kupandia kaktasi hapa Mombasa

Mwezi wa Mei niliishika kaktasi yangu ya kwanza shinani, kidole kikazama kama kwenye papai lililoiva mno. Mizizi ilikuwa imeoza yote. Nilikuwa nimeipanda kwenye chungu cha kauri cha buluu, kizuri kwelikweli, ila hakikuwa na tundu hata moja.

Hewa ya Pwani ina unyevu mwaka mzima, na masika yakishika, udongo uliolowa unakawia sana kukauka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utamwagilia mara ngapi, tazama kwanza unanunua chungu gani. Mimi navipanga hivi.

Cha kwanza, na kwa mbali, ni chungu cha udongo wa kuchomwa kisichopakwa rangi. Maji hutoka kwa tundu la chini na pia hupotea kupitia ubavuni. Unapokinunua, kigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele kimechomwa vizuri, kikitoa mlio mzito uliokufa huenda kina ufa. Kisha lowesha kidole uguse ubavu wa nje. Alama ya maji ikinywewa papo hapo, hicho chukua. Kilichopakwa rangi ya mafuta kiache hata ukibembelezwa bei, maana vinyweleo vyake vimezibwa. Ukubwa uzidi mmea kwa sentimita 2 au 3 tu kila upande. Chungu kikubwa mno hubeba udongo ambao mizizi haijaufikia, nao hukaa na maji. Baada ya miezi utaona utando mweupe ubavuni. Ni chumvi za maji, na wanaotumia maji ya kisima, ambayo mitaa mingi hapa ni ya chumvi, watauona mapema. Mvua ikinyesha kinga ndoo, kaktasi itakushukuru.

Cha pili ni plastiki. Ni rahisi, chepesi, na kwa vichipukizi kinafaa sana. Matundu yakiwa machache, ongeza kwa msumari uliopashwa moto. Kumbuka tu kwamba plastiki haipitishi maji ubavuni, basi subiri siku zaidi kabla ya kumwagilia tena.

Saruji naiweka ya tatu. Inafaa kwa kaktasi ndefu zinazokaa juu ya paa, ambako upepo wa kusi huangusha vyungu vyepesi. Kikiwa kipya kiloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, kwa sababu saruji mpya hutoa chokaa.

Cha mwisho ni kauri au kioo kisicho na tundu. Usinunue. Kama umeletewa zawadi, tia ndani yake chungu cha plastiki chenye kaktasi, ukitoe kila unapomwagilia, ukirudishe kikishachuruzika. Kokoto za chini hazichukui nafasi ya tundu; maji hukaa palepale.

Ukiwa bado kwa muuza miche, uliza mchanga wa mto, ule wa chenga nene. Changanya nusu kwa nusu na udongo wa bustani. Wa ufuoni usiuguse, una chumvi na vipande vya matumbawe. Ukishapanda, kaa kama wiki moja bila kumwagilia ili mizizi iliyokatika ipone.

Baada ya hapo nunua na vijiti vya mshikaki, vile vya mbao. Chomeka kimoja hadi chini ya chungu, kiache dakika chache, kichomoe. Kikitoka na udongo umekishika, au kina ubaridi ukikigusisha mdomoni, ahirisha. Kikitoka kikavu, mwaga maji mpaka yachuruzike tunduni, na kisahani ukimwage. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, kijiti changu hukauka haraka. Wakati wa masika mimi huingiza vyungu vyangu barazani, chini ya paa, na kuna wiki nzima zinazopita sijagusa kopo la maji.